Kempu na kuvua samaki karibu na Arusha: usilale pale unapovulia

Swali la msomaji: "Mtaalamu habari za kazi. Naishi Sakina, Arusha, nina vijana wawili, mkubwa miaka 12 mdogo 8, kila siku wananililia niwapeleke kempu wakavue samaki. Mama yao hataki tuende mbali na hataki kabisa kusikia habari za mamba. Gari yangu ni IST. Ni ziwa gani karibu na nyumbani tunaweza kulala usiku mmoja au miwili na samaki wapo? Na mimi mwenyewe sijawahi kuvua, ninunue vifaa gani?"

Karibu sana kaka, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua tenti, maana wengi wananitafuta wakiwa wameshajaza buti alafu ndo wanauliza waende wapi. Ntakujibu kwa kirefu kidogo kwa sababu huku kwetu kaskazini maziwa tunayo lakini kila moja lina tabia yake, na kitu ambacho watu hawakielewi ni kwamba sehemu nzuri ya kuvua na sehemu nzuri ya kulala ni mara chache sana zikawa sehemu moja. Samaki wanapenda matete, matope, maji ya kina kifupi yenye joto, miti iliyoangukia majini. Sasa na mbu wanapenda hapo hapo, kenge anapenda hapo, na yule ambaye mama watoto hataki kumsikia naye anapenda hapo hapo. Kwa hiyo ukitaka amani, tenti lako likae juu pakavu penye upepo, na kuvua mnatembea mnashuka, mkimaliza mnapanda. Ukiwa na hilo kichwani utachagua vizuri hata mimi nisipokuwepo.

Kwa familia yako jibu langu ni Duluti. Najua utasema ah Duluti si hapo tu Tengeru, ndiyo, ni hapo tu, kama kilomita 15 kutoka mjini, ukitoka Arusha kuelekea Moshi unakata kulia, na hiyo ndo raha yake. Mtoto wa miaka 8 akianza kulia saa tano usiku anataka kitanda chake unawasha gari nusu saa mko nyumbani. Kempu ya kwanza na watoto inatakiwa iwe na mlango wa kutokea, mambo ya kwenda mbali mtafanya wakishazoea kulala chini.

Duluti ni ziwa la kreta, yaani lile shimo la volkano lililojaa maji, limezungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, yaani wakala wa misitu wa serikali, ndo maana unaingia kwa kulipia getini na siku hizi malipo ya serikali ni kwa kontrol namba, usiende na cash ukategemea itapokelewa kirahisi. Siyo ziwa la mamba wala viboko. Kenge wapo, wakubwa kweli, vijana wako watapiga kelele siku ya kwanza alafu siku ya pili watakuwa wanawafukuzia, wakataze, kenge hana shida na mtu lakini akibanwa anauma na mkia wake siyo wa kuchezea. Kuna njia ya miguu inazunguka ziwa kwenye msitu, kwa mwendo wa mtoto ukiweka saa moja na nusu hadi mbili mtamaliza na kuona ndege, furukombe wanapenda kukaa kwenye miti mikavu pale juu ya maji. Mitumbwi ya kukodi ipo pia, ila hapo sharti langu ni moja, hakuna laifu jaketi hakuna mtumbwi, hata kama mwenye mtumbwi anakwambia baba usiogope hapa pako salama. Maziwa ya kreta hayana ufukwe wa kutelemka taratibu kama baharini Tanga, unapiga hatua mbili ya tatu hakuna chini.

Samaki wa pale ni perege na kambale. Usitegemee madude ya kupigia picha, perege wa Duluti mara nyingi ni wa kiganja, lakini kwa mtoto perege wa kiganja akiwa anarukaruka kwenye mshipi ni sawa na papa. Kabla hamjatupa ndoano muulizeni mhusika pale getini, kuvua kunaruhusiwa upande gani na kwa utaratibu gani, maana ni hifadhi ya msitu na masharti yanaweza kubadilika, usije ukasema mtaalamu kaniambia. Kuvua kwa sheria ya uvuvi kunahitaji kibali, hata kwa kujifurahisha, na anayejua mambo hayo ni afisa uvuvi wa halmashauri, kwa Duluti ni halmashauri ya Meru. Mpigie, eleza uko na watoto na ndoano mbili, atakuelekeza. Na nyavu ndogondogo au chandarua kilichotoboka usithubutu kubeba hata kwa utani, hiyo ni kesi.

Sasa kitu kimoja kuhusu Duluti na maziwa yetu karibu yote ya maji baridi: kichocho. Watu wanaogopa mamba ambaye hayupo, wanasahau konokono ambaye yupo. Mdudu wa kichocho anatoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pembeni ya maji, anaogelea, anaingia kwenye ngozi yako bila wewe kuhisi kitu, na anatoka kwa wingi jua likiwa kali, yaani muda huo huo watoto wanataka kuogelea. Kwa hiyo kuogelea hapana, kuingia na miguu peku pembeni kwenye majani hapana. Wavulie ukingoni pakavu au kwenye gati, wavae buti za mvua zile za kina mama wa sokoni, ni bei rahisi. Akilowa mfute na taulo hapo hapo usisubiri jua limkaushe. Na kama kuna mtu aliingia kwa bahati mbaya usipaniki, wiki chache baadaye nenda hospitali waeleze, kuna kipimo na dawa yake ni vidonge tu. Maji ya kuogea kambini ukiyachota ziwani leo yaache kwenye ndoo yenye mfuniko siku mbili ndo uyatumie, wale wadudu wanakuwa wameshakufa, lakini kusema kweli kwa usiku mmoja beba madumu kutoka nyumbani uachane na hesabu hizo.

Maji ya kunywa ndo kabisa beba. Unajua mwenyewe habari ya fluoride huku Meru, yale madini ya kwenye maji yanayoharibu rangi ya meno, meno ya watu wa huku yanaeleza yenyewe, na kuchemsha hakuiondoi, ukichemsha sana maji yanapungua, fluoride inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Usije ukamwambia mtoto anywe ya kijito kwa sababu ni masafi yanatoka mlimani.

Ratiba ambayo ningekupa: nendeni Jumamosi asubuhi, pitieni soko la Tengeru maana Jumatano na Jumamosi ndo siku zake, nunueni ndizi, parachichi, nyanya, ndimu, vitunguu, huko bei utacheka. Mkifika funga tenti kwanza kabla ya yote, juu kwenye majani mafupi, mlango usiangalie upepo unakotokea, na angalia juu kama kuna tawi limekauka, usilale chini yake. Mchana jua likiwa kali nyie lalani au zungukeni msitu, kama vijana wanapenda historia waulize wenyeji makaburi ya Wapolandi, maana miaka ya vita ya pili ya dunia Tengeru ilikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Poland, maelfu yao, na makaburi bado yapo yanatunzwa. Saa kumi jioni ndo mshuke mkavue hadi giza linapokaribia kuingia. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tena, hapo ndo patamu kuliko jioni.

Vifaa sasa. Hapa ntakuambia kitu wauza maduka hawatakipenda: usinunue fimbo ya kisasa yenye rili kwa safari ya kwanza. Rili ya bei rahisi inajikunja mshipi, utashinda unafungua mafundo watoto wameshachoka wanataka simu. Kata fito mbili za mianzi, ndefu kama mtu mzima na nusu, nyepesi, kavu. Funga mshipi wa nailoni ncha ya juu, urefu wake usizidi fito yenyewe, hiyo inamfanya mtoto asiweze kurusha mbali akamchoma mwenzake. Ndoano ndogo, nasisitiza ndogo, perege ana mdomo mdogo, watu wananunua ndoano za kuvulia sangara alafu wanalalamika ziwa halina samaki. Juu ya ndoano kama shibiri moja weka chubwi kadogo ka risasi, alafu boya. Boya usinunue, chukua kandambili iliyochakaa, kata kipande kama kidole gumba, toboa katikati pitisha mshipi, bana na kijiti cha kiberiti ili uweze kupandisha na kushusha. Wavuvi wetu wote wanafanya hivyo hivyo na linaelea vizuri kuliko la dukani.

Chambo cha perege ni ugali. Siyo ugali wa mezani, songa mgumu kidogo, ukipoa ukande tena na unga wa dagaa waliosagwa na tone la mafuta ya kula mpaka ushikane kama ulimbo. Unakata kidonge kama njegere, unafunika ncha ya ndoano yote. Kikiwa kikubwa perege atakitafunatafuna pembeni anaondoka nacho, wewe utaona boya linatikisika tu, tik tik tik, unavuta hakuna kitu. Hapo ndo watoto wanakosea, wanavuta kila boya likitikisika. Wafundishe hivi: likitikisika tulia, likianza kutembea upande au likizama ndo unainua, na unainua kwa mkono siyo kurukia nyuma kama umeguswa na umeme. Kabla hata ya kutupa ndoano rusha vipande vya ugali mkavu kidogo mahali pamoja, kidogo tu, subiri dakika kumi, alafu ndo utupe hapo. Minyoo ya ardhini nayo inafanya kazi, chimba chini ya migomba, perege anaila na kambale anaila.

Kambale ni kazi ya usiku na ya mtu mzima. Yeye anatafuta kwa harufu na kwa zile sharubu zake, kwa hiyo chambo kinuke: utumbo wa kuku, ini, kipande cha samaki. Boya toa, chubwi liwe zito kidogo chambo kilale chini kabisa, ndoano kubwa zaidi na mshipi mnene. Akishika hana utani anavuta moja kwa moja. Ukimtoa usimshike kama perege, ana miiba miwili ubavuni nyuma ya kichwa, inachoma na inauma usiku kucha. Mshike kwa kuweka kiganja chini ya tumbo vidole vikiwa nyuma ya ile miiba, au tumia kitambaa kibovu, mkandamize chini kwanza. Na usimwache kwenye ndoo wazi ukasema amekufa, kambale anavuta hewa, anaweza akakaa nje ya maji muda mrefu sana, utaamka asubuhi ndoo iko tupu mnaanza kuulizana nani kala.

Jambo lingine kuhusu perege, ukimtoa jike ukakuta mdomoni ana mayai au vitoto vidogo vinamwagika, mrudishe polepole majini. Wale jamaa mama ndo anabeba mayai mdomoni mpaka vitoto vijitegemee. Waonyeshe vijana, wataelewa mara moja kwanini siyo kila samaki anakwenda kwenye kikaango.

Kupika, msikate kuni. Ni hifadhi, na hata kama kuna tawi limeanguka siyo lako. Beba mkaa na jiko au mtungi mdogo wa gesi. Perege mtoe magamba, mpasue mgongoni, chumvi, ndimu, kitunguu swaumu, mkaangeni au wachome na ndizi pembeni. Msipopata samaki, na inatokea, hakikisha kwenye deli umeweka kuku, nakwambia ukweli, usiwaambie watoto tukikosa samaki tunalala njaa, wengine wanaamini. Na mifuko ya plastiki acha nyumbani, imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na askari wa hifadhi huwa wanaangalia.

Sasa ntakupa na hizo sehemu nyingine kwa sababu najua baada ya Duluti vijana watataka zaidi, na pia kwa sababu rafiki zako watakutajia majina na utachanganyikiwa.

Momella ndani ya hifadhi ya Arusha watu wanaitaja sana. Kempu ni nzuri mno, unalala chini ya Meru, twiga wanapita, asubuhi ukiamka na Kilimanjaro ikiwa wazi unaiona. Lakini kuvua hamna, ni hifadhi ya taifa, na hata ingeruhusiwa yale maziwa ni ya magadi, ni ya flamingo. Nenda kwa kulala na kuangalia wanyama, ndoano iache Sakina.

Chala ndo mimi ningekupeleka safari ya pili. Hii iko upande wa Rombo, mpakani na Kenya, unatoka Moshi unaenda Himo, unashika barabara ya Holili, kabla ya kufika mpakani unakata kushoto. Kutoka kwako weka masaa mawili na nusu hadi matatu bila haraka. Ni kreta pia lakini hii siyo mchezo, kina chake ni kama mita 90, maji yake mengi yanakuja chini kwa chini kutoka Kilimanjaro, na kuta za kreta zinasimama juu ya maji kiasi kwamba ukifika ukingoni unaona ziwa liko chini yako kabisa, rangi inabadilika bluu kijani kadri jua linavyotembea. Kambi iko juu ukingoni, na unaona kanuni yangu inavyofanya kazi yenyewe: unalala juu kwa raha, upepo upo, mbu wachache, na maji yako mbali chini.

Ila sikufichi, mwaka 2002 mamba aliua msichana wa Kiingereza aliyekuwa anaogelea upande wa Kenya. Mama watoto akiliuliza jina la hili ziwa mtandaoni atakutana na habari hiyo, kwa hiyo bora aisikie kwako. Msimamo wangu ni kwamba Chala ni ya kulala juu na kuangalia, kushuka chini mnashuka na mtu wa pale anayejua njia, mchana, na hakuna anayeingiza hata kidole majini. Na kuvua pale mimi sikushauri hata kidogo kwa sababu nyingine kabisa, kuna aina ya perege ambayo haipatikani popote duniani isipokuwa Chala, na iko kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Wewe mgeni huwezi kumtofautisha na mwingine. Mwache. Tena maji yale yana nchi mbili, ukipanda mtumbwi ukazubaa uko Kenya bila pasipoti, kwa hiyo hata kwenda tu pale beba kitambulisho cha NIDA.

Nyumba ya Mungu ndo kwenye samaki haswa. Lile ni bwawa, limejengwa miaka ya sitini kwa ajili ya umeme pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, kwa hiyo maji ya Meru, ya Kilimanjaro na ya Jipe yote yanafika pale, kubwa kiasi kwamba ukisimama upande mmoja siku ya vumbi huoni wa pili. Perege wa Nyumba ya Mungu huyo ndo unamla Moshi sokoni. Lakini kaka hapo kanuni ya kutolala unapovulia siyo ushauri, ni sharti. Viboko wapo, mamba wapo. Kiboko mchana yuko majini, usiku anatoka kula majani, na anapita njia ile ile kila siku, ukiona njia kama mfereji imekanyagwa kutoka majini kwenda majanini na vinyesi vimetapakaa kwenye vichaka, tenti hapo hapana, wala karibu hapo hapana, maana kiboko akikuta kitu kimesimama katikati yake na maji hajiulizi. Na samaki msipasulie ukingoni, damu na matumbo yanamuita mamba, mnapasulia mbali alafu mnafukia.

Kwa hiyo kule mtu mzima aende na wavuvi wenyeji, apitie kwanza kwa BMU ya kijiji, yaani kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi, hao ndo wanasimamia mialo, wao watakuambia kama kuvua kuko wazi maana lile bwawa limeshafungwa zaidi ya mara moja ili samaki wazaane, alafu atoke na mtumbwi alfajiri, arudi kabla upepo wa mchana haujaanza, mawimbi ya pale yanapindua mtumbwi wa mbao bila shida. Usiku alale gesti mjini Mwanga au arudi Moshi. Na kule kuko chini, karibu mita 700 tu kutoka usawa wa bahari wakati Duluti iko karibu 1,300, kwa hiyo joto lake na mbu wake siyo wa Arusha, malaria ipo, chandarua lazima. Kwa vijana wako mimi nasema bado.

Jipe usiniulize hata kidogo kwa familia. Pazuri, Milima ya Upare hapa, Tsavo ng'ambo ile, matete mpaka huoni maji yalipoanzia, lakini ni kina kifupi, viboko na mamba wamejificha humo humo kwenye matete, na hakuna juu pa kulala. Ziwa Babati nalo watu wanalipenda kwa sababu lami ni mpaka mlangoni, lakini ni zaidi ya kilomita 160 kutoka Arusha na viboko wake wako mjini kabisa, hiyo siyo karibu na nyumbani na siyo bila wanyama.

Kama mama watoto bado atasita hata kwa Duluti kuna njia ya kati. Kuna watu huku Usa River, na hata Machame, wamechimba mabwawa ya samaki, sato na kambale, wengine wanakubali mje na watoto mvue alafu mnalipia kwa kilo mlichotoa. Anza hapo mchana mmoja bila kulala. Mtoto akijua boya likizama anafanya nini, akienda Duluti atakuwa anavua, hatakuwa anatupa mawe. Na njiani mkitaka kuogelea kwa amani, Chemka kule Rundugai ukiingilia Boma Ng'ombe, maji safi ya chemchemi, wanaita maji moto ila ni vuguvugu tu, kuna visamaki vinakuja kudonadona miguu, vijana watacheka mpaka basi. Kuvua pale hapana.

Msimu: masika, Machi mpaka Mei, acha. Tenti za bei yetu hizi haziwezi mvua ya Meru. Juni mpaka Agosti kavu lakini baridi, Duluti usiku utashangaa, beba mablanketi ya kutosha na kitu cha kutandika chini kinene, baridi inatoka ardhini zaidi kuliko hewani, shuka la Kimasai peke yake halitoshi. Samaki nao wanapoa wanakula kwa uvivu. Septemba na Oktoba ndo ningechagua, na Januari na Februari. Vuli ikianza kambale wanachangamka sana maana maji mapya yanawapandisha pembeni, ila ni kwa wale wanaovumilia kulowa.

Na IST yako. Duluti inaenda bila wasiwasi wowote, kipande cha vumbi ni kifupi, kama mvua haijanyesha usiku kucha hutajua hata kama umetoka kwenye lami. Chemka pole pole, kuna mawe, unaweza kugonga sampo, watoto washuke kwenye sehemu mbaya. Chala kiangazi inafika ukiwa mvumilivu, mvua ikiwa imenyesha usijaribu, tope la kule linateleza na hutapata wa kukuvuta haraka, chukua Noah ya mtu au gari ya juu. Nyumba ya Mungu tumia ya kukodi tu. Na kabla hujatoka Sakina jaza upepo kwenye spea tairi, maana IST nyingi nimezikuta njiani spea iko kwenye buti inang'aa haina upepo hata kidogo.